Picha Ina Mwenyewe

Hotuba ya mwalimu wa upigaji picha, ufunguzi wa maonyesho ya wanafunzi, Mombasa

Assalaam aleykum, na habari za jioni kwenu nyote. Wazee wetu mlioketi mbele, wazazi, walimu wenzangu, wanafunzi, na zaidi ya wote ninyi majirani wa Kibokoni, Majengo, Kongowea na Likoni mliokubali kukaa mbele ya kamera za vijana hawa: karibuni sana. Mmejiona ukutani, na nimewasikia mkibishana nani ametoka vizuri kuliko nani. Endeleeni kubishana, ndiyo raha ya shughuli yenyewe.

Nimeombwa niseme machache juu ya kazi hii na mtu aliyeichochea. Mtu huyo ni Seydou Keïta, wa Bamako, mji mkuu wa Mali. Alizaliwa hapo takriban mwaka 1921, na kabla hajashika kamera alikuwa fundi seremala. Mwaka 1935 ami yake alirudi kutoka Senegal na zawadi, kamera ndogo ya Kodak Brownie, na kijana akaanza kuwapiga picha jamaa zake. Mpiga picha aliyemtangulia mjini, Mountaga Dembélé, akamwonyesha kazi ya chumba cha giza. Mwaka 1948 Keïta akafungua studio yake mwenyewe nyumbani kwake, mtaa wa Bamako-Coura, karibu na stesheni ya reli iliyokuwa ikienda Dakar. Nchi yao ilikuwa bado koloni la Ufaransa, ikiitwa Sudani ya Kifaransa. Uhuru ulikuja mwaka 1960, na muda mfupi baadaye serikali mpya ikamchukua Keïta awe mpiga picha wake, studio ikafungwa. Kwa hiyo kazi inayomfanya ajulikane leo duniani ni ya miaka kumi na kitu tu, iliyofanyika uani, kwa mwanga wa jua.

Nilipowaonyesha wanafunzi picha zake kwa mara ya kwanza, wote walikimbilia vitambaa. Na nani asingekimbilia? Kuna ile ya mwanamke amejilaza kwa ubavu, gauni lake lina maua, shuka aliloegemea lina miraba, pazia la nyuma lina michirizi inayopindapinda, na katikati ya vurugu yote hiyo uso wake umetulia kana kwamba ulimwengu mzima umepangwa kwa ajili yake. Pazia la kwanza la Keïta lilikuwa shuka la kitandani mwake, lenye matamvua. Baadaye alikuwa akibadilisha pazia kila baada ya miaka miwili mitatu, na mapazia hayo ndiyo yaliyomsaidia uzeeni kukumbuka picha ipi ni ya mwaka gani.

Basi wanafunzi wakaenda Biashara Street, wakarudi na leso na vitenge, wakatundika, wakawakalisha wenzao mbele yake, wakapiga. Niliwaacha. Kuiga ni mlango halali wa kuingilia kazi yoyote ya mikono, na mtu ambaye hajawahi kuiga kwa bidii hajui hata anachokikataa. Zilikuwa picha nzuri za kutazama. Lakini nilipouliza kuhusu kila moja, "Hii aliitaka nani?" jibu lilikuwa moja: mpiga picha aliitaka. Mwenzake alikaa tu alipoambiwa akae.

Hapo ndipo mradi ulipoanza kweli, kwa sababu uani kwa Keïta mambo yalikwenda kinyume. Mtu alikuja kwa miguu yake, amelipa kwa pesa yake, anajua anachokitaka. Alikuja karani, muuza duka, mke wa mtu na shoga yake, baba na mtoto wake mchanga. Wengine walishuka treni na mizigo yao wakapitia hapo kabla ya kwenda wanakokwenda. Ndani kulikuwa na suti za Kizungu tatu, tai, viatu na kofia, kwa yeyote aliyetaka kuvaa. Palikuwa na saa, kalamu, redio, maua ya plastiki, pikipiki aina ya Vespa. Ukutani alitundika sampuli za picha alizokwisha kuzipiga, mteja akaonyesha kwa kidole: nataka kukaa kama huyu. Kisha Keïta akafanya lake. Akageuza bega kidogo, akainua kidevu, akapanga vidole. Mkimtazama yule bwana wa suti nyeupe na miwani, anayeshika ua kwa ncha za vidole, mtaona kwamba hakuna hata kidole kimoja kilichosahauliwa.

Kwa hiyo alikuwa kama fundi cherehani. Mteja ndiye mwenye kitambaa, na mshono ni chaguo lake. Fundi anajua mwili na anajua mkasi, na ustadi wake wote unakwenda katika kumfanya mteja atoke dukani amependeza kuliko alivyotarajia. Hilo ndilo nililotaka vijana hawa walichukue kutoka Bamako, na vitambaa wavichukue au waviache. Nikawawekea sharti: atakayekaa mbele ya kamera yako ndiye atakayechagua nguo, mahali, na kitu cha kushika. Wewe utachagua mwanga, utachagua usimame wapi, utamwambia kwa heshima wapi aelekeze uso. Na picha ya kwanza kuchapwa inakwenda kwake, kabla haijaja kwangu kusahihishwa.

Sharti hili liliwaumiza wengine. Kuna kijana wetu mmoja ambaye alikuwa amemwona fundi wa baiskeli pale Majengo, na akilini mwake picha ilikuwa tayari: mikono ina grisi, gurudumu mbele ya kifua, jasho, uso umekunjamana. Sote tunaijua picha hiyo, tumeiona mara nyingi kwenye kalenda na kwenye ripoti za miradi. Mzee akasikiliza, akamwambia, "Mwanangu, grisi hii naiona kila siku. Njoo Ijumaa." Kijana akaenda Ijumaa, akamkuta fundi amevaa kanzu iliyopigwa pasi, kofia ya kiua, koti juu, na saa aliyopewa na marehemu baba yake. Alikaa kwenye kiti cha nyumbani kwake, si dukani. Picha ni ile pale, ya tatu kutoka mlangoni. Kijana alikuja kwangu amenuna, akaniambia kwamba ukweli wa mtu yule umepotea.

Nilimrudisha kwenye suti tatu za Keïta. Wapo wanaosema suti ya kuazima ni uongo, kwamba yule karani wa Bamako hakuwa na suti na kwa hiyo picha inamsingizia. Mimi sikubali. Mtu anapochagua jinsi anavyotaka wajukuu wake wamwone, amesema jambo la kweli kabisa juu ya nafsi yake, na pengine kweli zaidi ya lile ambalo mpita njia mwenye kamera angemwibia akiwa ameinama kwenye mnyororo. Grisi ni kweli pia. Lakini mzee yule alikuwa na haki ya kuchagua kati ya kweli zake mbili, na amechagua ile ya Ijumaa. Angalieni mkono wenye saa ulivyowekwa juu ya goti. Huo aliupanga kijana wetu, na ameupanga vizuri.

Sasa niseme juu ya leso, maana hapa Mombasa ilitufundisha kitu ambacho Bamako haikuweza kutufundisha. Pazia la Keïta lina maua na michirizi, halisemi kitu. Leso ina pindo, ina mji, na ina jina, na jina linasema kwa sauti. Mwanafunzi mmoja alitundika leso ya rangi nzuri sana, nyekundu na nyeusi, akamkalisha bibi yake mbele yake. Bibi akageuka kusoma, akakuta imeandikwa "Mtasema mchana usiku mtalala." Akasimama. Akasema, "Nikipigwa na hii, mtaa mzima utajua nimemlenga nani, na mimi sina ugomvi na mtu." Wakatafuta nyingine, na nyingine. Msichana alikuwa akichagua kwa rangi, bibi anachagua kwa maneno, mpaka wakakutana kwenye "Sisi sote abiria dereva ni Mungu." Rangi yake imefifia kidogo, na msichana alisikitika. Lakini mkiitazama sasa, yale maneno yamekaa juu kidogo ya kichwa cha bibi, na yeye anatutazama kama mtu aliyemaliza kusema. Hakuna kitabu cha upigaji picha kitakachokwambia kwamba pazia la nyuma linaweza kumchongea mtu. Bibi alijua.

Ndiyo maana pia si picha zote hapa ni nyeusi na nyeupe. Wanafunzi wengi waliziomba hivyo kwa sababu za Keïta ni hivyo. Niliwaambia Keïta alitumia filamu iliyokuwepo. Wateja wake wenyewe walikuwa wakipenda rangi: wapo waliomwomba fundi wa fremu awapakie rangi kwa mkono kwenye vito na kucha. Bibi wa leso alipoulizwa hakusita hata kidogo, alitaka rangi. Fundi wa baiskeli alitaka nyeusi na nyeupe, "kama za zamani," alisema. Basi kila mtu amepata aliyoitaka, na ukuta wetu umechanganyika, na mimi naupenda hivyo.

Sharti la pili lilikuwa gumu zaidi ya la kwanza, kwa vijana waliokua na simu mkononi. Keïta alitumia kamera kubwa ya miguu mitatu, na negativu, yaani filamu ambayo picha huchapwa kutoka kwake, ya sentimita 13 kwa 18. Negativu hiyo ilikuwa ghali, kwa hiyo mteja mmoja alipigwa mara moja. Mara moja tu. Alipoisafisha, aliiweka juu ya karatasi na kuichapa kwa ukubwa ule ule, ndiyo maana nywele na nyuzi zote za kitambaa zinaonekana. Sisi kamera zetu ni za kidijitali na hazigharimu kitu kwa kila mbonyezo, lakini nikasema: kwa kila mtu, mbonyezo mmoja.

Walinuna wote. Nataka nieleze kwa nini sikulegeza, kwa sababu naliona hili kuwa kiini cha kazi yote. Tunapopiga picha kwa simu tunabonyeza mara ishirini, thelathini, kisha tunakwenda nyumbani kuchagua moja. Nani yupo tunapochagua? Mpiga picha peke yake, kitandani, usiku. Mwenye sura hayupo. Yeye ametoa nyuso thelathini, na mtu mwingine anaamua upi ndio yeye. Ukiwa na mbonyezo mmoja, huwezi kuahirisha uamuzi. Lazima ufanyike kabla, na kabla ya kubonyeza mwenye sura bado yuko mbele yako, anaweza kusema, anaweza kukataa, anaweza kukwambia subiri nivute buibui kidogo. Niliwaona vijana hawa wakikaa na mtu saa nzima kwa picha moja. Walikunywa chai. Waliambiwa habari za ndoa, za bandarini, za mvua ya mwaka fulani. Kisha mtu akanyamaza mwenyewe, akakaa alivyotaka kukaa, na hapo ndipo kamera ikabonyezwa. Kwenye picha kadhaa hapa mtu amefumba macho nusu, au mkono umetikisika. Tumeziacha, kwa sababu wenyewe walizikubali.

Juu ya mwanga nitasema kwa ufupi, kwa ajili ya wanaojifunza kazi hii. Jua letu la saa sita mchana linachimba mashimo chini ya macho, hilo kila mtu analijua. Lakini kuna tatizo jingine ambalo liliwatesa. Kuta zetu za Mji wa Kale nyingi zina chokaa nyeupe, na kila mtu anataka kusimama mbele yake. Kamera ikiachwa ijipimie mwanga hapo, huona weupe mwingi ikaubana, na uso mweusi ulio mbele ya ukuta huo unageuka giza lisilo na macho wala pua. Picha ngapi za watu wetu zimeharibika hivyo, kisha watu wakaambiwa wao ndio hawapendezi kwenye picha! Uso haukuwa na kosa lolote. Vijana waligundua dawa wakiwa uani kwa mtu: wakageuza mambo, ukuta mweupe ukawa nyuma ya kamera, mbele ya mkaaji. Chokaa ikarudisha mwanga laini usoni mwake, pazia la rangi ya wastani likawa nyuma, na kamera wakaipimia usoni. Simameni mbele ya yule mama wa Kongowea mwone. Ngozi yake ina mng'ao, kila mkunjo upo, na hakuna taa yoyote iliyowashwa.

Mama huyo, kwa taarifa yenu, alipoambiwa achague kitu cha kushika hakwenda kwenye meza yetu ya maua na redio. Aliingia ndani akatoka na picha ya mwanawe aliye kazini Doha, ndani ya fremu. Akaipakata. Kwa hiyo kwenye picha ile wamo wawili.

Na kuna picha moja ambayo hamuioni. Mwanafunzi mmoja wa kike alimpiga shangazi yake, ndani, milango imefungwa, nywele wazi, amevaa dhahabu zake za harusi. Shangazi alipoiona alilia kwa furaha, kisha akasema haitoki nje ya nyumba. Mwanafunzi akaniuliza afanye nini, kwa kuwa maksi zinatolewa kwa picha iliyotundikwa. Nilikwenda na mwalimu mwenzangu wa kike, yeye akaingia, mimi nikabaki barazani. Alitoka akaniambia kwamba ni picha nzuri kupita zote za mwaka huu. Nimempa msichana yule maksi kamili bila kuiona. Nayasema haya hadharani kwa ruhusa yao wote wawili, kwa sababu wapo walioniuliza kama huko si kuvunja utaratibu wa mtihani. Utaratibu wa mradi huu ulikuwa kwamba picha ina mwenyewe. Kama tungemshawishi shangazi, au tukamwomba mara tatu nne mpaka aone haya kukataa, basi masharti yote yaliyotangulia yangekuwa maneno matupu. Wanawake wa mwambao huu wamekuwa wakiingia studio tangu zamani, wakavua buibui ndani, wakapigwa wakiwa wamejipamba, na picha zikakaa kwenye albamu zinazofunguliwa mbele ya wanawake wenzao. Ni desturi ya picha kama desturi nyingine yoyote, na inastahili kufundishwa darasani.

Niwaambie sasa kilichompata Keïta baadaye, maana kina funzo lenye uchungu. Mwaka 1991 kulikuwa na maonyesho makubwa ya sanaa ya Afrika huko New York. Picha zake zilikuwamo, na hazikuwa na jina lake. Ziliandikwa kuwa ni za mpiga picha asiyejulikana. Mzee mwenyewe alikuwa hai, yuko Bamako, amestaafu tangu mwaka 1977, ana maelfu ya negativu nyumbani. Nyuma ya picha alizowapa wateja alikuwa akipiga muhuri wenye jina lake. Mfaransa mmoja, André Magnin, alizifuata picha zile mpaka Bamako akampata, na mwaka 1994 Paris ikafanya maonyesho yake peke yake, kwenye jumba la sanaa la Fondation Cartier. Huko zilichapwa kubwa kuliko alivyowahi kuziona. Akasifiwa dunia nzima, na mwaka 2001 akafariki, na nyuma yake ukabaki ugomvi mrefu juu ya nani azishike negativu.

Jina la mpiga picha lilirudi. Majina ya waliokaa uani kwake, mengi yao, hayajarudi. Nendeni kwenye makumbusho yoyote kubwa, mtasoma chini ya yule mwanamke aliyejilaza: "Bila jina," kisha miaka. Yule bwana mwenye ua, "Bila jina." Baba yule mkubwa wa mwili, aliyempakata mtoto mchanga kwa upole ambao kila mzazi hapa anaujua, naye hana jina. Yule mtoto, kama yu hai, ni mzee wa zaidi ya miaka sabini. Waliokuwa wenye picha wamegeuka kuwa mapambo ya ukuta wa mtu mwingine, hata kama ukuta wenyewe ni wa heshima.

Na sisi tusidhani jambo hilo ni la Mali pekee. Mwanzoni mwa karne ya 20 kadi za posta zilipigwa na kuuzwa Unguja na Mombasa, zikasafiri Ulaya kwa meli. Juu yake yuko binti amevaa leso mbili, amesukwa, ana vipini na vikuku, na chini yameandikwa maneno ya kumtaja kabila lake, au uzuri wake. Jina lake hapana. Alikuwa na jina. Alikuwa na mama aliyemsuka nywele zile asubuhi hiyo.

Kwa hiyo chini ya kila picha hapa mmesoma jina, na ni jina ambalo mwenyewe alilitaka. Wengine wametaka majina yote matatu. Mama mmoja ametaka aitwe Mama wa watoto wake tu, tukaandika hivyo. Yuko bwana aliyetaka jina la utani analoitwa gatini, na tumeliandika bila kulisahihisha. Nyuma ya kila picha kuna muhuri wa mwanafunzi, tarehe, na mtaa. Muhuri huo wameuchonga wao wenyewe, na nawaomba wautumie maisha yao yote.

Wapo watakaouliza: kwa nini twende mpaka Bamako, wakati mwambao wetu una mabingwa wake? Ni swali la haki. Mombasa hii ilikuwa na studio ya Parekh, ambako watu wa kila dini na kila kabila walipigwa wakiwa wamependeza kama wateja wa Keïta. Unguja kulikuwa na Capital Art Studio, iliyofunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, na mwanawe Rohit akaiendeleza. Lamu kulikuwa na Bakor, aliyekata picha na kuziunganisha kwa namna ambayo wanafunzi wangu walipoiona walidhani imefanywa kwa kompyuta. Na hapa kwenye feri ya Likoni, katika miaka ya 1990, vijana walijenga vibanda vyao vya picha, wakavipamba kwa mapazia yaliyochorwa meli, ndege na majumba ya ghorofa, na mtu aliyetoka bara kutafuta kazi alipigwa hapo akaituma picha nyumbani ili wajue amefika.

Nilianza na Keïta kwa sababu picha zake zinapatikana. Zimo vitabuni, nimeweza kuziweka mikononi mwa wanafunzi. Za kwetu nyingi haziko vitabuni. Ziko kwenu. Ziko kwenye albamu zenye karatasi ya nailoni iliyoanza kunata, kwenye sanduku la bati chini ya kitanda, kwenye bahasha pamoja na vyeti vya kuzaliwa, na unyevu wa bahari unazila polepole. Na majina yao yamo vichwani mwa wazee wachache ambao wengi wao wako humu ukumbini jioni hii.

Basi hii ndiyo kazi ya mwaka ujao, na naitangaza leo kwa kuwa siwezi kuifanya bila ninyi. Wanafunzi watakuja majumbani, wawili wawili, wa kike kwa nyumba zitakazotaka wa kike. Watakuja na kamera na daftari. Nawaomba msiwape albamu waondoke nayo, hata wakiomba kwa adabu, hata mimi mwenyewe nikiomba. Watainakili picha pale pale sebuleni, mwenyewe akiwa ameketi kando, na wataandika mtakachowaambia: huyu ni nani, nguo ilikuwa ya nani, studio ilikuwa mtaa gani, picha ilipigwa kwa sababu ya Idi, harusi, au safari. Picha msiyotaka inakiliwe, semeni "hii hapana," nao watafunua ukurasa. Nakala moja mtapewa ninyi. Kama hamkumbuki jina la mtu aliyeko pembeni, msione haya, tutakwenda kumuuliza jirani, na jirani atatupeleka kwa mwingine.

Pale mlangoni kuna daftari jekundu. Anayetaka wanafunzi wafike kwake aandike jina na mtaa. Maonyesho haya yatakaa hadi Jumapili jioni, kisha picha zinashuka ukutani na kila mtu anachukua yake, na fremu yake. Asiyeweza kuja ataletewa na mwanafunzi aliyempiga.

Sasa namwomba bibi yetu wa leso, aliyekuwa wa kwanza kukaa mbele ya kamera, asogee hapa mbele atufungulie maonyesho. Bibi, karibu. Vijana, mpisheni njia.